Kitufe cha Nimefika

Yule mzee hakuwa mwongo. Hilo lisemwe mapema, kabla maneno hayajawa mengi, kwa sababu watoto wake wawili walimfanya mwongo jioni nzima, tena kwa adabu, kwa "samahani baba" na "hebu kumbuka vizuri baba", na mtu akikuita mwongo kwa adabu huna hata pa kumrudishia.

"Nilifika," alisema. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake kando ya cherehani, mikono juu ya magoti. "Nilifika, nikakaa, watu wakaisha, mlinzi akaja kuniambia wanafunga. Mnataka niseme nini tena?"

Binti yake alikuwa bado mlangoni na mkoba begani, ametoka kazini. "Baba, kliniki wamenipigia simu. Wanasema hukufika. Na mara ya kwanza pia hukufika."

"Mara ya kwanza pia nilifika."

"Mfumo unasema hukufika, baba."

"Huyo mfumo ni nani? Ananijua?"

Kutoka kwenye simu iliyolazwa mezani, kaka mkubwa alicheka. "Mzee anaogopa kisu. Aseme tu, kuogopa si dhambi. Hata mimi ningeogopa mtu anifungue jicho."

Mzee alikuwa fundi cherehani maisha yake yote, nusu ya mtaa waliolewa wakiwa wamevaa kazi ya mikono yake, na sasa mtoto wa jicho alikuwa ameziba macho yote mawili hata uzi mweusi na mweupe ulikuwa kwake mmoja. Upasuaji ulikuwa umepangwa. Daktari alikuwa amesema wazi kwamba jicho la kulia likikaa hivyo hadi awamu ijayo, mwakani, huenda hata kisu kisilisaidie tena. Ila mzee alikuwa na kiburi chake, hakutaka kusindikizwa. Alisema yeye si mtoto wa kushikwa mkono, akapapasa kuta za mtaa peke yake hadi kliniki, mara zote mbili. Au ndivyo alivyodai.

Binti hakumwamini. Na alikuwa na sababu, tena sababu iliyompa mshahara: ule mfumo ulitengenezwa ofisini kwao.

Kazi yake ilikuwa kupima programu kabla hazijaenda kwa watu. Watengenezaji walimwita Mama Kasoro, kwa kuwa hakuwahi kuingia chumbani mwao bila kasoro mkononi, na walipomwona anakuja walijifanya wana haraka ya kwenda chooni. Hakuudhika. Kasoro ukiificha leo, kesho inakufuata hadi kwa mteja, na mteja hana utani. Kwa kuwa mtu mmoja hawezi kubonyeza kila kitu kila siku, walikuwa na Roboti. Haikuwa na mikono wala kichwa. Ilikuwa programu inayoendesha programu nyingine. Kila asubuhi ilifungua mfumo wa kliniki, ikajifanya mgonjwa, ikaweka kadi, ikabonyeza vitufe hadi mwisho. Ikifaulu, ubao mkubwa ukutani uliwaka kijani. Ikikwama, uliwaka nyekundu, na sheria ya ofisi ilikuwa kwamba nyekundu ikiwaka hakuna kinachotoka mlangoni.

Na ubao ulikuwa kijani. Ulikuwa kijani siku ya kwanza mzee alipoandikwa "hakufika", na kijani siku ya pili. Mama Kasoro aliutazama ubao, akamtazama baba yake, akauamini ubao.

Kesho yake aliomba ruhusa ampeleke mwenyewe, kwenda kumbembeleza muuguzi mkuu. Mzee alikubali shingo upande.

Mapokezi ya kliniki hayakuwa na mtu. Zamani palikuwa na dada mmoja nyuma ya dirisha. Sasa palikuwa na skrini iliyosimama kwenye mguu wa chuma, na mlinzi kwenye kiti. Mama Kasoro alitaka kumwekea baba yake kadi. Mzee aliuondoa mkono wa binti yake.

"Niache. Nikuonyeshe nilivyofanya."

Aliweka kadi. Skrini ikasema kwa sauti ya kike, "Karibu. Tafadhali bonyeza Nimefika." Na hapo hapo, kutoka chini ya skrini, likapanda tangazo. Lilikuwa la duka la miwani: mwanamume mwenye meno meupe kuliko karatasi, amevaa miwani, na maneno makubwa "ONA DUNIA UPYA". Lilipanda, likakaa, likafunika nusu nzima ya chini. Mzee alinyoosha kidole gumba, kwa uhakika wa mtu aliyezoea kushona bila kutazama, akambonyeza yule bwana kwenye meno.

Hakuna kilichotokea. Mzee akachukua kadi yake, akageuka, akapapasa hadi kwenye benchi, akaketi.

"Umeona?" alisema. "Nimebonyeza. Sasa tunangoja kuitwa."

Mama Kasoro alibaki amesimama pale pale. Kitufe cha Nimefika kilikuwa chini ya lile tangazo. Yeye mwenyewe ndiye aliyekipima mwanzoni: kikubwa, cha kijani, kimejaa upana wa skrini ili hata mwenye jicho bovu akione. Kilikuwa bado pale, chini ya meno ya muuza miwani. Ili kukifikia ilibidi ufunge tangazo kwa alama ya kufungia iliyokuwa pembeni juu, ndogo kama punje ya mchele. Kwenye kliniki ya macho! Alimwona mama mmoja akiletwa na mjukuu, mjukuu akaigusa punje, tangazo likaondoka, akabonyeza, skrini ikasema "Asante, umepokelewa." Mzee hakuwahi kujua kwamba kuna sauti ya pili. Alidhani mashine, kama watu wengi, ukishaitii hunyamaza.

Kumbe ndivyo ilivyokuwa. Wenye watu wa kuwasaidia kuona walipokelewa, na waliokuja peke yao walimbonyeza bwana meno, wakakaa kwenye benchi kwa heshima zao, na kliniki ilipofungwa mfumo ukawaandika: hakufika. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini hawa walikuja pale kwa sababu macho hawana.

"Siku hizi wengi hawafiki," mlinzi alisema, akijinyoosha kwenye kiti. "Halafu wanakuja juu wanasema walifika."

"Na wewe si ulikuwa unawaona wamekaa?"

"Mimi nalinda mlango, dada. Hesabu ya waliofika ni ya mashine."

Mama Kasoro alimfungia baba yake tangazo, akabonyeza. Skrini ikafikiri kidogo, ikasema jina hilo halimo tena kwenye orodha.

Muuguzi mkuu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti iliyochoka. Baada ya shikamoo na marahaba alisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, na hilo peke yake lilimfanya Mama Kasoro atake kulia.

"Utaratibu ni kwamba asiyefika mara mbili jina linatoka, anaingia wa nyuma yake," alisema. "Ijumaa orodha inakwenda kwa daktari wa upasuaji. Binti yangu, kila aliyetolewa anasema alifika. Niliwauliza wenzako wa kampuni. Wakanijibu mfumo unapimwa kila siku asubuhi na hauna kasoro, kosa ni la watumiaji." Aligeuza kompyuta yake. Kumbe na yeye alikuwa na ubao ule ule, mdogo, kama kila mteja wa kampuni. Ulikuwa kijani. "Huu ukiwa mwekundu, nina sababu ya kuwarudisha wote, wala sihitaji kumwomba mtu. Ukiwa kijani nitamwambia nini mganga mkuu? Kwamba wazee wamenisikitisha?"

Mama Kasoro alimfikisha baba yake nyumbani, akaenda ofisini kwa hatua za mtu anayekwenda kugombana.

Jambo lililomkoroga ni hili: Roboti haikupaswa kufaulu. Aliijua kama mtu anavyomjua mtoto wake. Ilikuwa na hulka ya kujaribu kubonyeza kama mtu: kwanza inatafuta kitufe, halafu inahakikisha kinaonekana na hakuna kilicholala juu yake, ndipo ibonyeze. Alifungua maagizo yake, akafika kwenye hatua ya Nimefika. Yeye alikuwa ameandika "bonyeza". Sasa iliandikwa "bonyeza kwa nguvu".

Aligeuka kwa jirani yake wa meza. Huyu alikuwa kijana mpole aliyeachiwa mradi wa kliniki Mama Kasoro alipohamishiwa mwingine, na ofisi nzima ilimwita Hewala, kwa kuwa ndilo jibu lake kwa kila agizo. Ungemwambia Hewala apime mvua kwa rula angekwenda kutafuta rula.

"Hewala, nani aliandika kwa nguvu hapa?"

Aliinamisha kichwa. "Mimi, dada. Lilipoletwa lile tangazo Roboti ikagoma. Ikasema kitufe nimekipata, lakini kimefunikwa na kitu kingine, sikibonyezi. Ubao ukawa mwekundu. Bosi akaniambia fanya ipite. Nikafanya."

"Ilikuambia kimefunikwa?"

"Iliniambia."

Hapo ndipo damu ilipomchemka. Mashine ilisema kweli! Kitu kisicho na roho wala jicho kilisema kweli siku ya kwanza, waziwazi, kwa Kiswahili fasaha kilichofundishwa na yeye mwenyewe, na wanadamu wenye macho mawili mawili wakaiziba mdomo.

Bosi wao alikuwa Bwana Kijani. Jina hilo alilipata kwa kupenda rangi ya ubao. Alipiga nao picha, akawatumia wateja, akatembea mbele yake kama jogoo alfajiri. Alimkaribisha Mama Kasoro kwa tabasamu, akamsikiliza huku akitazama simu.

"Tangazo lile ni la mshirika wetu mkubwa," alisema. "Na linafungika. Watumiaji watazoea."

"Watumiaji ni vipofu."

"Usitie chumvi. Isitoshe, Roboti yenyewe inakiona kitufe. Kila siku inakibonyeza."

"Haikioni, bosi. Inakiita." Alijizuia sauti isipande, na ikapanda. "Kila kitufe tumekipa jina la ndani ambalo mgonjwa halioni. Ukiiambia Roboti kwa nguvu, inaliita lile jina basi, na kitufe kinaitika. Ni kama mama aliye jikoni anayemwita mwanawe, mtoto akaitika 'abee' kutoka uvunguni. Mama amemsikia, hajamwona! Mgonjwa haiti majina. Mgonjwa ana kidole tu, na kidole kinagusa kilicho juu."

"Mama Kasoro," Bwana Kijani alisema taratibu, kwa ile huruma ya kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, "nimesikia mzee wako ni mgonjwa. Pole sana. Lakini tusilete mambo ya nyumbani kazini."

Mama Kasoro alimtazama mpaka bosi akaacha kutazama simu. "Haya hayakutoka nyumbani yakaja kazini. Yalitoka hapa, mezani kwako, yakanifuata nyumbani."

Alirudi kwenye kiti chake, akafuta maneno mawili, "kwa nguvu", akaiamuru Roboti ianze upya.

Roboti ilifungua mfumo. Ikaweka kadi. Ikafika kwenye Nimefika, ikasita, ikajaribu, ikasita tena. Kisha ubao wote wa ukutani ukawaka nyekundu, na katikati yake maneno: Kitufe "Nimefika" kimepatikana. Kimefunikwa na tangazo. Hakibonyezeki.

Kulikuwa na toleo jipya lililotakiwa kutoka mchana ule, la wateja wote, na sasa limekwama. Watu walianza kunong'ona. Mmoja alisema kwa sauti ya kusikika kwamba wengine tuna familia pia, tungependa kuondoka mapema. Bwana Kijani alitoka chumbani mwake mbio, sura imeiva sawa na ubao.

"Rudisha ilivyokuwa."

"Sirudishi. Siku kitufe kitakapoonekana, itakuwa kijani yenyewe."

"Wateja wanauona huo ubao!"

"Ndiyo maana nimeuwasha."

Bwana Kijani hakubishana zaidi. Alimgeukia yule asiyebishana. "Hewala! Andika tena kwa nguvu. Sasa hivi."

Hewala alivuta kibodi. Vidole vyake vilikaa juu ya herufi kama vya mtu anayengoja kuambiwa ale. Yule kijana alikuwa na kodi ya nyumba na mke mjamzito, na hakuna mtu aliyewahi kumfundisha jibu lingine.

"Hapana," alisema Hewala.

Lilimtoka dogo, likiwa geni kinywani mwake, na bosi alilazimika kuuliza amesema nini.

"Nimesema hapana, bosi. Siku ile nilipoandika kwa nguvu nilidhani nyuma ya kitufe kuna kitufe tu. Kumbe kuna watu wamekaa kwenye benchi." Alirudisha kibodi mahali pake, polepole, akaweka mikono mapajani. "Kama ni kuandika, andika wewe."

Bwana Kijani aliisogelea kibodi kweli. Akainama, akatazama maagizo ya Roboti, macho yakapanda na kushuka. Aliyekuwa akijisifia kijani miaka yote hakujua kijani kinaandikwa wapi. Bado alikuwa ameinama simu yake ilipolia. Sauti ya muuguzi mkuu ilisikika hadi meza ya pili, na haikuwa imechoka tena. Alikuwa akimsomea bosi maneno ya ubao, moja moja: kimefunikwa, na, tangazo. Bwana Kijani akageuka asali. Akasema ni marekebisho madogo madogo. Akasema atashughulikia binafsi.

Tangazo lilihamishwa juu ya skrini siku hiyo hiyo, kazi ya muda wa kunywa chai. Hakuna aliyesema pole. Badala yake Bwana Kijani aliwaandikia wateja wote kwamba timu yake, kwa kujali wagonjwa, imeboresha mapokezi, na Mama Kasoro akapewa onyo la maandishi kwa kukiuka utaratibu, onyo alilolisoma mara moja, akalifungia karanga. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Laiti macho yale yangekuwa ya bosi, tungeona nani angezoea.

Nyumbani alimweleza baba yake yote. Alieleza vizuri mno, akarudia ya uvunguni na jikoni, na mzee akasikiliza akipitisha kidole kwenye ukingo wa cherehani.

"Kwa hiyo mashine haikuniona," alisema mwishowe.

"Haikukuona, baba."

"Sishangai. Haina macho." Kidole chake kikasimama. "Nyinyi mnayo."

Mama Kasoro alipiga magoti, akamshika miguu, akasema nisamehe baba, na mzee akamwambia ainuke, sakafu ina vumbi. Hakusema amesamehe. Usiseme alisamehe, kwa sababu hakusema. Alisema tu kwamba yule kaka yake anayecheka kwenye simu naye apige, kwa sauti yake mwenyewe, na arudie alichosema siku ile, kama bado ataweza.

Siku ya kuitwa tena mzee alivaa suti aliyoishona mwenyewe. Alikubali kusindikizwa hadi mlangoni, si zaidi. Mama Kasoro alibaki nje ya kioo, mikono ikimwasha. Ndani, benchi lilikuwa limejaa watu waliorudishwa kwenye orodha, wengi wao peke yao, kadi mikononi.

Mzee aliweka kadi. "Karibu. Tafadhali bonyeza Nimefika." Akanyoosha kidole gumba, pale pale alipokinyoosha zile mara mbili, akabonyeza.

"Asante," skrini ikasema. "Umepokelewa."

Hakwenda kukaa. Aliigeuzia skrini mgongo, akautazama ule ukungu ambao ndani yake alijua kuna watu, akapaza sauti ya fundi aliyezoea kuita wateja kutoka ng'ambo ya barabara.

"Nimefika! Na mara ya kwanza nilifika. Na mara ya pili nilifika."

Mlinzi aliinuka nusu, hakujua afanye nini. Kisha bibi mmoja mwisho wa benchi, mwenye fimbo, asiye na mtu wa kumshika mkono, alisema kwa sauti nyembamba, "Hata mimi nilifika." Na mwanamume kando yake akasema, "Na mimi." Na mwingine, na mwingine, hadi muuguzi mkuu akatoka ofisini kwake, akasimama pale katikati, akawasikiliza wote.